Bosi, Saa Nne Usiku Grupu Ilale

Hebu niulize: nani aliamua grupu ya WhatsApp ya kazi haina saa ya kufunga?

Sina shida na grupu yenyewe. Zamu ya kesho, picha ya mzigo, lokesheni ya mteja, zote ziko humo. Barua pepe nani anasoma? Shida ni ile meseji ya saa nne usiku. Ukiifungua, bosi anaona jina lako kati ya walioisoma. Hata ukizima zile tiki za bluu, kwenye grupu bado zinakuchoma. Usipoifungua, wewe si "team player". Na bando ni la pesa yako! Mwenye kazi ya kudumu anaweza kununa. Wa kontrakti ya miezi mitatu, anayengoja kuongezewa, atajibu tu.

Ufaransa tangu Januari 2017, kampuni za wafanyakazi 50 kwenda juu zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima simu. Hapa kwetu Seneta Samson Cherarkey alileta mswada kama huo 2022, na shirikisho la waajiri, FKE, likaupinga.

Wengine wenu mtaniambia mnafanyia kazi wateja wa Marekani, usiku wetu ndio mchana wao. Sawa kabisa. Basi hiyo ni zamu, iandikwe kwenye kontrakti na ilipwe. Lakini kuuliza saa nne usiku nani alibeba chaja ya ofisi? Manze, hiyo ingengoja asubuhi.