Mama Asibebeshwe Lawama ya Maradhi ya Kurithi

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, miaka michache iliyopita alinijia bwana mmoja akitaka kumpa mkewe talaka. Walikwisha kuzika watoto wawili, na wa tatu alikuwa kitandani, misuli imelegea na kifafa hakimwachi. Daktari aliwatajia maradhi ya mitokondria. Jamaa wakamwambia bwana yule kuwa maradhi hayo hutoka kwa mama. Akaniuliza: “Sheikh, nina kosa gani nikitafuta tumbo lingine?”

Nilimkumbusha kisa walichokipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Bedui wa Bani Fazara alimwendea Mtume (S.A.W.) akimtilia shaka mkewe kwa kuwa amezaa mtoto mweusi. Mtume hakumshutumu mama yule. Alimuuliza bedui habari za ngamia wake wekundu, na vipi miongoni mwao akatokea wa kijivu. Bedui akakiri mwenyewe kuwa huenda ni asili ya ukoo iliyomvuta. Mtume akamfahamisha kuwa na mwanawe huenda ni vivyo hivyo. Basi mtoto hubeba asili ya vizazi vingi, na mume hana ruhusa ya kumhukumu mkewe kwa dhana.

Elimu ya leo yasemaje? Ndani ya seli za mwili mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo huzalisha nguvu kutokana na chakula na hewa tuvutayo. Vikiharibika, ubongo, moyo, misuli na macho hudhurika upesi, kwani ndivyo vihitajivyo nguvu nyingi. Mitokondria ina jeni zake 37, na hizo mtoto huzipata kwa mama, kwa kuwa mitokondria za mbegu ya baba huangamizwa.

Watu husikia hayo wakaishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kazi ya mitokondria inahitaji pia jeni nyingine zaidi ya 1,000 zilizomo katika kiini cha seli, nazo mtoto huzirithi kwa baba na mama pamoja. Wengi wa watoto wanaougua wangali wachanga, maradhi yao yametokana na jeni hizi. Mara nyingi wazazi wote wawili ni wazima, ila kila mmoja amebeba hitilafu asiyoijua, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Wazazi wakiwa mabinamu, uwezekano wa kubeba hitilafu ileile huzidi.

Hata maradhi yanapopitia kwa mama, yeye huenda akawa mzima, kwa kuwa hitilafu imo katika sehemu ndogo tu ya mitokondria zake. Mtoto mmoja hupata nyingi, nduguye chache. Naye mama hakuichagua. Aghalabu ameirithi kwa mamaye.

Bwana yule alirudi hospitali pamoja na mkewe, ambaye ni binti wa ami yake. Majibu ya vipimo yalionyesha kuwa hitilafu wanayo wote wawili. Alinijia tena, safari hii akiwa ameinamisha kichwa.

Talaka ni halali, lakini kuifanya adhabu kwa jambo ambalo mja hakulitenda ni dhulma. Enyi mama wakwe na mawifi, msimwite mkosi mwanamke aliyefiwa. Msiba wake unamtosha. Ndoa ya mabinamu nayo ni halali, ila ukoo uliokwisha kuona maradhi ya namna hii ni busara umwone daktari kabla ya posa nyingine, wala usiyafiche kwa kuogopa aibu. Kuamini kadari hakutuzuii kutafuta ushauri, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu.

Allah azipe subira nyumba zilizofiwa, na aziepushe nyoyo zetu na dhana mbaya. Wabillahi tawfiq.