"Nimeshatuma kwenye kundi" si huduma ya ugani

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, na hasa ninyi maafisa ugani wenzangu mnaopita hapa: leo sizungumzii mbolea wala chanjo ya kuku. Nazungumzia maneno mawili yanayotugharimu fedha kila msimu. Maneno yenyewe ni "tuma tena."

Mnayajua. Mahindi yamefika magotini, viwavijeshi vamizi wameingia, mtu anaandika kwenye kundi: "Naomba ule mwongozo wa viwavijeshi, tuma tena." Mtaalamu anajibu kwa ukali: "Nimeshatuma, angalia juu." Chini yake watu wanne wanaandika "na mimi." Wote waliupakua mwongozo ule, na bando lao lilitumika. Lakini siku ya kuuhitaji hakuna hata mmoja anayeweza kuufungua.

Msimamo wangu ni huu. Faili usiloweza kulipata siku unayolihitaji ni sawa na faili usilokuwa nalo. Na wa kwanza kubeba lawama ni yule aliyelituma bila jina, halafu akaandika kwenye ripoti yake kwamba elimu imewafikia wakulima.

Lawama ziende panapostahili

Nawasikia wenzangu wakisema wakulima hawajui simu, wanajaza vichekesho tu. Nakataa. Mwenye duka la kijijini ana daftari la madeni lenye jina, tarehe, kiasi na alama ya aliyelipa nusu. Ghala la AMCOS halipokei gunia bila kulipima na kumwandikia mwenye mali stakabadhi. Mfugaji anamjua ndama kwa mama yake. Watu hawa wanajua mpangilio kutuzidi sisi wa ofisini, na ndio waliotuachia methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tazama sisi tunawapa nini. Tunawatumia kitu kinachoitwa DOC-20241015-WA0012. Nani anaweza kukumbuka jina hilo? Ukiandika "mahindi" kwenye sehemu ya kutafuta, simu haitaleta kitu, kwa sababu kwenye jina hakuna mahindi. Wengine hawatumi hata faili zima. Wanapiga picha kurasa sita za mwongozo na kuzimwaga kwenye kundi. Picha hizo zinaingia pamoja na maua ya "habari za asubuhi" na picha za harusi, na ukurasa wa nne unapotea, ambao mara nyingi ndio wenye kipimo cha dawa.

Tarehe iliyo kwenye jina hilo nayo ni mtego. Namba 20241015 maana yake ni tarehe 15 Oktoba 2024, na ni tarehe iliyowekwa na WhatsApp, wala si tarehe waraka ulipoandikwa. Mtu akifowadi leo utabiri wa mvua wa miaka mitatu iliyopita, jina linaweza kubeba tarehe ya leo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli wa Oktoba hadi Desemba, wa masika wa Machi hadi Mei, na wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye mvua za msimu mmoja. Utabiri mpya hutolewa kila mwaka. Anayepanda kwa utabiri wa zamani akidhani ni mpya amecheza bahati nasibu na mbegu zake. Orodha za bei za mazao ni hivyo hivyo: bei ya mwezi uliopita ikivaa tarehe ya leo, mfanyabiashara ananunua kwa hasara.

"Si nitapakua tena?"

Hili ndilo jibu ninalopewa mara nyingi. Tulipime.

Kwanza, bando. Tuseme faili lina MB 6 na kundi lina watu 150. Kila mmoja akilipakua mara mbili zaidi ya ile ya kwanza, hiyo ni MB 1,800 iliyolipiwa na kijiji kimoja kununua kitu ambacho tayari kilikuwa mfukoni. Fedha hiyo inatoka kwa mtu yule yule anayehesabu shilingi za sabuni.

Pili, mtandao. Faili unalihitaji ukiwa shambani, bomba mgongoni, na mashamba mengi hayana mtandao wa maana. Viwavijeshi wanadhibitika wakiwa bado wadogo. Wakishajichimbia katikati ya majani machanga, dawa haiwafikii vizuri. Siku tatu za kusubiri mtu atume tena zinatosha kukutoa kwenye kundi la waliovuna.

Tatu, faili halikai huko milele likikusubiri. WhatsApp haikuwekei kila kitu kwenye mitambo yake siku zote. Ukilifuta, baada ya muda ukibonyeza utaambiwa umwombe mtumaji alitume upya. Na kiungo cha tovuti kinachofunguka leo, kesho kinaweza kuwa kimehamishwa.

Nne, simu yenyewe inajaa. Ukipakua faili lile lile mara tatu kutoka tovutini, simu haikukatazi. Inakuwekea matatu, la pili likiwa na (1) mbele ya jina na la tatu (2). Simu ikijaa unafuta kundi zima, na kama kile kisanduku cha kufuta na mafaili kimewekwa tiki, mwongozo wako unaondoka pamoja na vichekesho.

Na steshenari je?

Hapa wafanyabiashara wanaumia zaidi. Unahitaji cheti cha TIN, leseni ya biashara au fomu ya mkopo. Unakwenda steshenari, kijana anapakua kwenye kompyuta yake, anachapa, unalipa, unaondoka na karatasi. Mwezi ujao unaombwa nakala nyingine, unarudi, unalipa tena. Nenda mara tano utakuwa umelipia cheti chako mwenyewe mara tano. Wakati huo huo nakala ya cheti na namba yako ya NIDA imebaki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na kila mteja akikaa hapo anaweza kuiona.

Simlaumu kijana wa steshenari. Amefanya kazi aliyolipwa. Lakini kuanzia leo usitoke bila kusema mambo mawili: "Nitumie hilo faili kwenye simu yangu," na "Lifute hapo mbele yangu, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta." Kama umefungua barua pepe yako hapo, ifunge kabisa kabla ya kunyanyuka.

Fanya hivi, siku ile ile

Simu nyingi za Android tunazotumia zina programu ya mafaili. Inaweza kuitwa Files, My Files au File Manager, kutegemea aina ya simu. Ifungue.

1. *Jua vinapokwenda.* Ulichopakua kutoka tovuti kinaingia kwenye folda inayoitwa Download. Nyaraka za WhatsApp zinaingia kwenye folda za WhatsApp zenyewe. Njia rahisi ya kuziona ni kufungua kundi, kubonyeza jina la kundi juu, kisha kuingia sehemu ya picha, viungo na nyaraka. Hapo huhitaji kupekua ujumbe mmoja mmoja wa miezi sita.

2. *Tengeneza folda nne tu.* Shamba, Mifugo, Biashara, Vyeti. Usitengeneze ishirini, utazisahau.

3. *Badili jina.* Kwenye programu ya mafaili bonyeza faili kwa muda hadi liwekwe alama, kisha tafuta sehemu ya kubadili jina, mara nyingi iko kwenye vitone vitatu. Andika jambo, aliyetoa, na mwaka: "Utabiri vuli TMA 2024", au "Risiti mbolea Novemba 2024". Andika kwa maneno utakayoyakumbuka ukiwa na haraka. Mwaka uuchukue ndani ya waraka, usiutoe kwenye jina lililokuja nalo. Mwisho wa jina, zile herufi .pdf ziache zilivyo, ukizifuta simu inaweza kushindwa kulifungua.

4. *Nakili kwenye folda yake.* Ukishanakili nje ya folda za WhatsApp, hata ukifuta kundi faili lako linabaki.

5. *Weka nakala ya pili.* Memori kadi, simu ya mwenzi wako, au barua pepe yako. Simu huibiwa na huanguka mtoni. Vyeti na vitambulisho usiviweke kwenye kundi lolote, hata la familia.

6. *Piga picha risiti.* Risiti nyingi za mashine za EFD ni za karatasi inayofifia kwa joto na jua. Ukiiacha kwenye dirisha la duka, baada ya miezi umebaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyo, ipe jina, iweke Biashara. Fanya hivyo kwa lebo ya kiuatilifu pia kabla haijalowa na kufutika, kwa sababu kipimo sahihi ni kile cha kwenye lebo, wala si kile unachokumbuka.

7. *Futa kilichokwisha muda.* Utabiri wa msimu uliopita na bei ya mwezi uliopita havina kazi ya kukaa pamoja na vipya. Kwa viuatilifu, orodha ya vilivyosajiliwa hubadilika, kwa hiyo mwongozo wa zamani uhakikishe kwa TPHPA au kwa afisa wako kabla hujanunua.

Na tahadhari moja. Mwongozo au fomu ya kujaza huishia na .pdf, au ni picha. Ukitumiwa "fomu ya ruzuku" au "fomu ya mkopo" inayoishia na .apk, hiyo si fomu. Ni programu inayotaka kuingia kwenye simu yako, pengine kusoma meseji zako na namba za siri zinazotumwa humo. Usiifungue, ifute, na mwambie aliyekutumia. Mtu mwenye mazoea ya kutazama jina la faili haingii mtego huu. Asiyetazama, ataingia.

Kwa wenzangu

Sasa narudi kwetu. Kabla hujatuma kitu kwenye kundi, kipe jina la Kiswahili lenye zao, jambo na mwaka. Tuma faili moja zima badala ya picha sita. Andika mistari mitatu chini yake: kinahusu nini, kinatumika hadi lini, na kipimo muhimu ni kipi, ili hata mwenye simu ya kitochi asomewe na jirani. Kinachozidi ukurasa mmoja, chapa nakala moja uibandike ofisi ya kijiji na nyingine duka la pembejeo. Na kwenye mkutano unaofuata, waambie watu wafungue faili hilo mbele yako, data ikiwa imezimwa. Wasioweza, wasaidie hapo hapo. Ni dakika kumi.

Kuna watakaosema hiyo si kazi ya ugani, ni kazi ya mafundi simu. Nauliza: ukipeleka mbegu kijijini ukaimwaga njiani bila mfuko wala lebo, utasema umesambaza mbegu? Kazi yetu inaisha mkulima anapoweza kutumia alichopewa, akiwa shambani kwake, siku anayokihitaji. Kabla ya hapo, tulichofanya ni kubonyeza kitufe tu.

Na wewe mkulima, unayo haki ya kudai. Afisa, chama au muuza pembejeo akikutumia faili lisilo na jina, usinyamaze. Mwandikie kwa heshima: "Ndugu mtaalamu, hili ni la nini, na ni la mwaka gani?" Watu kumi wakiuliza hivyo kwenye kundi moja, wa kumi na moja hatahitaji kuuliza. Jioni ya leo, kabla hujalala, fungua folda ya Download uone vilivyomo. Futa vilivyojirudia, vipe majina vitano unavyovihitaji msimu huu, kisha zima data ujaribu kuvifungua kimoja kimoja. Vikifunguka, uko tayari kwa msimu.