Kila kijana apewe jina lake kwenye kompyuta

Kijana aliyehama Masisi akifika Goma na kuingia chumba cha kompyuta za Linux, mara nyingine anapewa neno la siri moja, lile lile la wote. Barua yake ya kuomba kazi inabaki wazi mbele ya atakayekaa kwenye kiti hicho baada yake. Hiyo si haki. Aliyekwisha kuacha nyumba anahitaji angalau mahali pa kufungia karatasi zake.

Dawa ipo, na programu zake ni za bure: majina ya wote yawekwe kwenye seva moja ya LDAP, na mafaili yao yakae kwenye seva pia. Hapo kijana anaingia kwa mashini yoyote na kukuta kazi yake. Akiondoka, fundi anafunga jina lake mara moja, bila kuzunguka mashini zote. TLS iwashwe tangu siku ya kwanza, maneno ya siri yasipite wazi kwenye waya.

Wengine wanasema umeme ukikatika seva inalala na wote wanabaki nje. Ni kweli. Programu ya SSSD, ikipangwa vizuri, inawakumbuka waliokwisha kuingia kwa mashini ile, lakini mafaili yao yatangoja. Kwa hiyo betri ya kwanza inafaa iende kwa seva, si kwa ofisi ya mkubwa.