Mwanafunzi Mgeni na Aujue Mji kwa Miguu Yake

Kila mwaka wa masomo unapoanza, mabasi huwateremsha mjini Singida vijana waliotoka mbali, kuja kusoma katika tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania na katika vyuo vinginevyo. Wengi wao wameagwa nyumbani kwa wosia mmoja: "Darasani, chumbani, basi. Usizurure." Wosia huo hutokana na mapenzi, na mabinti ndio husisitiziwa zaidi. Hata hivyo, juma hili yatupasa kuupima.

Kijana asiyeujua mji hawi salama kwa kutoujua. Siku atakapougua usiku, au basi litakapomshusha giza limeingia, itambidi amfuate mtu wa kwanza atakayejitolea kumwongoza. Mtu huyo huenda ni mwungwana. Huenda pia ni mwenye hila. Binti anayezijua njia ana uwezo wa kusema "ahsante, napajua," akaenda zake. Ulinzi wake ni maarifa, wala si kufuli.

Maarifa hayo hayapatikani juu ya pikipiki. Pikipiki humfikisha mtu, lakini haimfundishi njia. Aendaye kwa miguu huona, huuliza, hukosea kona, hurudi, na kesho yake haulizi tena.

Singida ni mji wenye huruma kwa mtembeaji. Umekaa jirani na maziwa mawili, Singidani na Kindai, na majabali makubwa yamesimama huku na huko mithili ya walinzi. Mgeni akizikariri alama hizo hapotei kwa urahisi. Maji ya Singidani ni ya chumvi, hayafai kunywewa, bali ndege wenye miguu mirefu waitwao heroe huyafuata kutafuta chakula. Mvua za huku zina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo huja upepo na vumbi, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi. Mwana wa pwani na apakie sweta.

Matembezi ya kwanza yasiwe ya anasa. Mwanafunzi na aijue kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kituo cha polisi, stendi ya mabasi, na ofisi ya mtaa, ambako ataamkia na kujitambulisha. Baada ya hapo aende sokoni. Huko atakuta vitunguu, mafuta ya alizeti, asali na kuku wa kienyeji, mazao yaliyoupa mkoa huu jina. Aulize bei kwa wauzaji watatu kabla ya kufungua mkoba. Posho ya mwezi itamfikisha mwisho wa mwezi.

Lipo jambo kubwa zaidi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii atakayoitumikia. Mhasibu wa kesho aliyeishi miaka mitatu Singida bila kumwamkia mkulima mmoja wa Kinyaturu au Kinyiramba atayajua mahesabu ya alizeti, lakini hatamjua mwenye alizeti.

Hatusemi kijana aachiwe bila utaratibu. Na watembee wawili wawili, mchana, waage wanapokwenda, na jua likianza kutua wawe wamekwisha kurudi. Njia mpya waulize kwa mama muuza duka au kwa mzee mwenye kibanda chake, si kwa kijana aliyeegemea ukuta. Kuuliza si ujinga.

Ewe mzazi, utakapompigia mwanao simu Jumapili hii, usimwulize tu kama amekula. Mwulize njia ya kwenda hospitali kutoka chumbani kwake. Akishindwa kukueleza, mwambie avae viatu, amchukue mwenzake, waende wakaitafute mchana huu huu.