Dereva naye aonyeshwe kumbukumbu za gari

Mabasi ya masafa marefu nchini hufuatiliwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kwa mfumo wa VTS, unaoonyesha gari lilipo na mwendo wake. Mwenye Fuso inayosomba vitunguu vya Mang'ola naye akifunga kifaa cha namna hiyo, ana sababu. Mafuta ni ghali na mzigo huibwa njiani.

Lakini kumbukumbu hizo zisiwe za tajiri peke yake. Kifaa kikionyesha kuwa gari lilisimama Mto wa Mbu dakika 40, hakisemi kama dereva alikuwa akiziba pancha au akishusha magunia. Maelezo hayo anayo dereva.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuona taarifa zinazomhusu na kuomba zirekebishwe. Hivyo, tajiri amweleze dereva tangu siku ya kwanza kifaa kinarekodi nini, na kabla ya kumkata mshahara wazisome kumbukumbu pamoja. Utaratibu huo hauna gharama, na unamlinda dereva mwaminifu pamoja na mzigo wa mkulima.