Gorila kwenye sarafu ya feza: faida inakwenda kwa nani?

Mwaka wa 1975, inchi yetu ikiitwa bado Zaire, ilitoa sarafu ya feza ya zaire mbili na nusu. Upande mmoja ilikuwa sura ya Rais Mobutu, upande wa pili gorila wa mlima, yule wa volkano za Virunga. Sarafu hiyo haikutengenezwa kwa kununua sombe sokoni. Ilikuwa ya watu wanaokusanya sarafu na kuzifungia kabatini, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani.

Haikuwa peke yake. Mashirika ya WWF na IUCN yalikuwa yameanzisha mpango pamoja na Royal Mint ya Uingereza: kila inchi inatoa sarafu zenye wanyama wake walio hatarini, na sehemu ya faida inasaidia kuwalinda. Zaire ilitoa wanyama watatu: gorila na okapi kwenye feza, chui kwenye zahabu.

Zaire ilikufa, gorila akabaki na bei

Zaire ilipoanza mwaka wa 1967, moja ilikuwa sawa na dola mbili. Basi sarafu ya gorila iliandikwa thamani ya dola tano hivi. Halafu ikaja ile miaka wazazi wetu wanaikumbuka vizuri. Mwaka wa 1993, zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya moja. Mwaka wa 1998, zaire mpya 100 000 zikawa franga moja. Piga hesabu: franga moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani bilioni 300. Leo zaire mbili na nusu hazinunui hata kijiti cha kiberiti.

Hata hivyo sarafu yenyewe ingali inauzwa. Kile serikali iliandika juu yake kimekufa. Kinachompa mnunuzi hamu ni feza iliyo ndani na mnyama aliyechorwa.

Wafanyabiashara wameelewa jambo hilo. Mwaka wa 2008 Rwanda ilitoa sarafu ya feza safi yenye gorila, uzito gramu 31, ikiandikwa faranga 50 tu. Mwaka wa 2015 Kongo-Brazzaville nayo ikatoa ya kwake, ya gorila dume mwenye mgongo wa feza. Kwa kawaida kazi inakwenda hivi: kampuni ya ngambo inaomba ruhusa, serikali inatoa jina na alama yake kwa malipo, kampuni inatengeneza na kuuza. Jina la Kongo yetu pia limewekwa kwenye sarafu nyingi za namna hiyo, na wakaaji wengi hawajawahi kuona hata moja.

Mnyama wa kweli yuko wapi?

Hesabu zilizofanywa kati ya 2015 na 2018 zilipata gorila wa mlima 1063 katika dunia nzima, wote kwenye misitu ya Kongo, Rwanda na Uganda. Wameongezeka, na mwaka wa 2018 IUCN iliwashusha daraja moja katika hatari. Lakini ongezeko hilo limelipiwa damu. Walinzi zaidi ya 200 wa mbuga ya Virunga wameuawa kazini. Aprili 2020 peke yake, walinzi 12 waliuawa siku moja karibu na Rumangabo. Julai 2007 gorila wenyewe walipigwa risasi, na biashara ya makala ilitajwa kuwa nyuma ya mauaji hayo.

Kando ya walinzi kuna jirani wa mbuga: mkulima ambaye shamba lake limefika mwisho kwenye mpaka, mama ambaye bila makala hapiki. Ni kweli, mbuga imeleta umeme, kama ule wa Matebe katika Rutshuru. Lakini vita vimefunga utalii mara nyingi, na utalii ukifungwa jirani anabaki na makatazo tu. Ngambo ya mpaka, tangu 2017 Rwanda inatenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga kwa wakaaji walio karibu nazo.

Sarafu haihitaji barabara salama wala mtalii. Picha ya gorila inauzika hata wakati wa vita. Ndiyo maana swali si dogo: serikali inapotoa ruhusa ya jina la inchi na mnyama wake, inalipwa ngapi, na franga hizo zinaingia wapi? Mkataba ukitangazwa, na sehemu ikienda kwa wajane wa walinzi na kwa shule za vijiji vya jirani, gorila atakuwa mali ya watu wa hapa pia. Bila hivyo, mwenye kabati ngambo ataendelea kumtazama gorila kama mali, na jirani wa Virunga atamwona paka kama sababu ya kukatazwa kuni.