Kasiba Mpya kwa Bunduki ya Babu

Karani wa parokia huandikishwa barua za kila namna. Nyingi ni za vyeti vya ubatizo, nyingine za ugomvi wa mashamba. Majira ya mvua yaliyopita alikuja ofisini mzee mmoja wa vijiji vya juu huku Mgeta, akaketi, akapumzika kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, niandikie barua kwa mhunzi. Nataka aitoe kasiba ya bunduki yangu, atie nyingine."

Bunduki yenyewe ni raifoli ya zamani ya Kiingereza, ina leseni, na babu ameitumia miaka mingi kulinda viazi na mahindi. Siku hizi haipigi palipolengwa. Mwezi uliotangulia alimlenga nguruwe mwitu kifuani, risasi ikampata pajani. Mnyama akaingia kichakani na uchungu wake, na siku ya pili yake mama mmoja aliyekwenda kutafuta kuni akakutana naye. Mama yule yu hai, lakini anachechemea hata leo. Tangu siku hiyo babu alikuwa halali usingizi. Ndiyo sababu ya barua.

Mhunzi alikuwa amekwisha kumwahidi: kwa bei ya mbuzi mmoja atakata bomba la maji la chuma, alitie mahali pa kasiba. Nikakataa kuandika. Babu akakasirika, akasema mimi ni mtu wa kalamu, bunduki nazijulia wapi? Alisema kweli. Tuna kata jirani iitwayo Bunduki, walakini mimi sijapiga risasi hata moja. Lakini katika chuo cha ualimu tulifundishwa fizikia kidogo, nayo ikanitosha.

Kasiba ya raifoli si bomba. Ndani yake mna mifereji myembamba inayojizungusha kama uzi wa parafujo. Risasi hushikwa na mifereji hiyo, ikatoka inazunguka. Watoto wetu waijua pia: ikizunguka husimama wima, ikichoka huyumba na kuanguka. Risasi nayo ni vivyo hivyo. Tazameni ile .303 ya askari wa Kiingereza: mifereji yake humaliza mzunguko mmoja katika inchi 10, na risasi hutoka kwa mwendo wa futi 2,440 kwa sekunde. Fanyeni hesabu, mtaona yazunguka zaidi ya mara 2,900 katika sekunde moja. Bomba halina mfereji hata mmoja. Tena baruti ikiwaka ndani ya bunduki ile, msukumo wake ni kama mara 3,000 ya msukumo wa hewa hii tunayovuta, na bomba la maji limefanywa kustahimili makumi tu. Gobore la kienyeji hupona kwa kuwa baruti yake nyeusi husukuma kwa nguvu ndogo zaidi, na hata hivyo magobore yamepasuka, yakachukua vidole na macho ya watu.

"Basi kasiba yangu imekufa kwa nini?" akauliza.

Nikamwuliza jinsi alivyoisafisha. Akasema alipaka mafuta kila mara. Kumbe hapo ndipo palipo na kosa! Fataki za risasi za zamani ziliacha ndani ya kasiba chumvi inayovuta unyevu, na mafuta hayaiondoi. Askari wa Kiingereza walifundishwa kumimina maji ya moto kwanza, kukausha, ndipo kupaka mafuta. Babu alipaka mafuta juu ya chumvi, miaka na miaka, katika ukungu wetu huu.

Kubadili silaha si kazi ya mhunzi wa kijijini. Iko Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na aliyefanya hivyo bila kibali ana kesi. Basi barua niliyoandika ilikwenda polisi, na kwa kibali chao tukaipeleka bunduki mjini kwa fundi mwenye leseni.

Fundi hakuigusa kasiba kwanza. Alitazama kitako, akakuta mti umevimba kwa unyevu na parafujo zimelegea. Mambo hayo peke yake yatosha kupoteza shabaha. Akayatengeneza, akaipiga bunduki katika uwanja wa shabaha, mbali hatua mia. Risasi tano zikatawanyika upana wa ungo. Ndipo akamulika ndani, akamwita babu aone: mifereji imeliwa na kutu, imebaki mashimo mashimo.

Kutia kasiba mpya kwawezekana, alisema. Lakini yapasa iagizwe ng'ambo, na nyuma yake, pale ganda la risasi linapokaa, ipimwe kwa kipimo maalum; nafasi ikizidi kidogo tu, ganda hupasuka na moto humrudia mpigaji usoni. Kisha hujaribiwa kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Huko Birmingham, Uingereza, iko nyumba ya kazi hiyo tangu mwaka 1813. Bei aliyoitaja ilizidi thamani ya bunduki yenyewe, na ya mbuzi wote wa babu.

Ndani ya basi babu hakusema neno mpaka tulipoanza kupanda milima. Hapo akaniambia: "Ile bunduki ilikuwa ya baba yangu." Nikanyamaza.

Sasa iko polisi, ameisalimisha kwa mkono wake. Nilimwandikia barua nyingine kwa afisa wanyamapori, ambaye wazee bado humwita Bwana Nyama, naye amekuja mara moja kutazama mashamba. Usiku babu na wajukuu zake hulala kibandani kwa zamu, wakipiga debe. Nguruwe wamepungua, hawajaisha. Na Jumamosi iliyopita nilimwona babu akishuka na gunia la viazi kichwani, akielekea nyumbani kwa yule mama.